Kentucky: Kijana wa Uvira anunua nyoka wake wa kwanza, mama abaki mlangoni

Katika nyumba moja ya kupanga mjini Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuna chumba ambacho mama wa familia hajakiingia tangu mwezi wa pili mwaka 2023. Chumba hicho ni cha mwanawe wa kwanza. Ndani mna kitanda, meza, vitabu, na sanduku la kioo lenye urefu wa mita moja na kidogo. Ndani ya sanduku hilo anaishi chatu jike.

Kijana mwenyewe alizaliwa Uvira mwaka 1993. Anafanya kazi ya usiku katika bohari ya mizigo, na mchana hulala chumba kimoja na nyoka wake. Ameomba jina lake lisiandikwe. Haogopi polisi ya Marekani, maana chatu wa aina yake anauzwa huko hadharani kama vile kuku wanavyouzwa kwetu sokoni. Anachoogopa ni Uvira. Bado ana baba wadogo na mashangazi huko, na habari ya kwamba mtoto wao wa Marekani analala na nyoka chumbani ingeweza kuwaletea shida ambayo yeye, akiwa mbali, asingeweza kuizima kwa simu.

Mapenzi yake kwa wanyama watambaao yalianza kabla hajajua kusoma. Familia ilikimbia vita mwaka 1996, akiwa na miaka mitatu, ikavuka ziwa Tanganyika na kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani. Watoto wengine walicheza mpira wa mifuko iliyofungwa kwa kamba. Yeye alikaa ukutani akihesabu mijusi. Alijua mjusi yupi amekatika mkia na mkia huo umeota hadi wapi. Vinyonga aliwaweka kwenye tawi la muhogo nyuma ya nyumba ili awatazame wakigeuza macho, moja mbele na jingine nyuma.

Vinyonga ndio waliomletea kiboko cha kwanza. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu kinyonga ni mnyama wa mkosi, na jirani mmoja alimwambia mama kwamba mtoto anayecheza naye hatakua. Mama alimpiga mtoto, kisha akakaa chini akalia. Kijana anasema alichukua muda mrefu kuelewa kwa nini mama alilia.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Kivu hawalijui. Mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika ya mashariki na ya kati, waliiita Kinyongia, jina lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili. Na mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Mkongomani Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, lilitangaza spishi mpya kutoka milima ya Itombwe: Kinyongia itombwensis. Kijana alisoma habari hiyo katika maktaba ya umma ya Louisville, miaka michache tu baada ya kufika Marekani. Anasema alisoma ukurasa ule mara mbili. Mnyama aliyepigwa kiboko kwa ajili yake alikuwa na jina la Kiswahili katika vitabu vya dunia nzima, na jina la milima inayoonekana ukitembea juu ya Uvira.

Kumpenda kinyonga ni jambo moja. Nyoka, kwa familia hii, ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2009 mjomba wake, ndugu pekee wa mama, alikuwa amerudi Congo kulima katika bonde la Ruzizi. Jioni moja, akitoka shambani, alikanyaga kifutu, yule nyoka mnene, mfupi, mwenye alama za rangi ya majani makavu, ambaye hakimbii mtu anapomkaribia na ndiyo sababu anakanyagwa. Walimfunga mguu kwa kamba. Wakamwekea jiwe nyeusi, lile la mfupa uliochomwa ambalo karibu kila mji wa Kivu kuna mtu analo nyumbani. Kulipokucha wakampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, ambako mganga aliwaambia kwamba hakuna dawa ya sumu ya nyoka. Mguu ulivimba hadi kwenye nyonga. Alikufa siku ya tatu.

Shirika la Afya Duniani, OMS, halipendekezi jiwe nyeusi, wala kufunga kamba, wala kuchanja jeraha. Linasema mgonjwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, na afikishwe haraka mahali penye dawa. Lakini ushauri huo unahitaji dawa iwepo. Shirika hilo linakadiria kwamba kati ya watu 81.000 na 138.000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2014, kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa imeacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyotibu sumu za nyoka wengi wa Afrika, na chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka 2016. Mjomba alikufa wakati dawa hiyo bado inatengenezwa. Haikuwa imefika Ruzizi, basi.

Kwa hiyo msomaji asifikiri kwamba mama huyu anaogopa nyoka kwa ushamba. Anaogopa kwa sababu ana kaburi.

Habari ya kifo ilifika Nyarugusu kwa simu ya jirani. Kijana alikuwa na miaka 16. Tangu siku ile hakushika tena mjusi wala kinyonga mbele ya mama yake. Familia ilipata nafasi ya kwenda Marekani mwaka 2014, kama Wakongomani wengine wengi walioishi katika kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, na ikapangiwa Louisville. Kule, kati ya darasa la Kiingereza na bohari, alipata maktaba. Alianza na vitabu vya watoto, kwa sababu vina picha nyingi na maneno machache. Baadaye akaenda kwenye rafu za wakubwa.

Alisoma kwa miaka minane kabla ya kununua. Si watu wengi wanaosoma hata wiki nane.

Alijifunza kwamba mapenzi hayamkingi mtu. Karl Schmidt, mtaalamu wa Chicago aliyeandika kuhusu nyoka wa Congo ya Wabelgiji mwaka 1923, aliumwa mwaka 1957 na nyoka mdogo wa miti kutoka Afrika ambaye bustani ya wanyama ilimletea amtambue. Hakuamini kwamba nyoka mdogo hivyo angeweza kumuua. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine kwenye karatasi, na kesho yake akafa. Kijana aliamua papo hapo: nyoka mwenye sumu hataingia katika nyumba yenye mama yake.

Aliamua pia kutomtaka chatu mkubwa wa kwetu, yule ambaye watu wa Kinshasa humuita nguma. Huyo huweza kupita mita nne. Tena tangu mwaka 2012 sheria ya Marekani inakataza kumwingiza nchini, pamoja na chatu wa Burma, aina ambayo watu wa Florida walifuga mpaka ikawashinda, na ambayo leo imezaana katika kinamasi cha Everglades na kumaliza wanyama wengi wa huko. Mtu alinunua nyoka wa urefu wa mkono, nyoka akawa mrefu kuliko gari, mtu akamwachilia usiku.

Aliyebaki ni chatu wa kifalme. Kwa jina la sayansi ni Python regius, na Wafaransa humuita python royal. Hana sumu. Kwa kawaida hufika mita moja hadi moja na nusu, jike akiwa mkubwa kuliko dume. Akiogopa haumi upesi. Hujikunja kama mpira, kichwa kikiwa katikati, na kungoja hatari ipite. Nyumbani kwake ni Afrika, kuanzia Senegal hadi Uganda na Sudani Kusini. Yaani kijana wa Uvira alivuka bahari ili akanunue dukani mnyama aliyetoka bara lake.

Jinsi chatu huyo alivyovuka bahari ni hadithi yenyewe. Ghana, Togo na Benin ndizo nchi zinazomuuza. Wawindaji hutembea mashambani wakati wa ukame, wanachimba mashimo, wanatoa majike wenye mimba na mayai. Mayai huanguliwa katika mabanda ya wafanyabiashara karibu na miji mikubwa, na watoto wa nyoka hupakiwa katika mifuko ya kitambaa kwenda kwenye ndege. Tangu mwaka 1975 zaidi ya chatu milioni 3 wa aina hii wametolewa Afrika ya magharibi wakiwa hai. Biashara hiyo ni halali, ikiwa chini ya mkataba wa CITES, lakini mchimbaji hupata sehemu ndogo sana ya bei anayolipa mnunuzi wa ng'ambo. Mkongomani aliyeona madini yakitoka ardhini kwake hahitaji kuelezwa zaidi.

Na katika nchi hiyohiyo ya Benin, mjini Ouidah, chatu huyohuyo ana hekalu lake. Limejengwa mbele ya kanisa kuu la Wakatoliki, mlango kwa mlango. Wafuasi wa vodun humheshimu, hawamuui, na akipotea akaingia katika nyumba ya mtu hubebwa taratibu na kurudishwa. Mnyama mmoja, kilomita chache tu kati ya mchimbaji anayemuuza na padri wa vodun anayembeba.

Kijana alijua hayo yote, na ndiyo sababu alipoingia katika maonyesho ya wanyama watambaao, katika ukumbi mkubwa uliojaa meza na masanduku ya plastiki, swali lake la kwanza kwa kila muuzaji lilikuwa: nyoka huyu amezaliwa wapi? Aliyeletwa kutoka Afrika mara nyingi huja na kupe, na minyoo tumboni, na woga wa safari. Aliyezaliwa Marekani, kwa wazazi waliozaliwa Marekani, hula vizuri na hazoei taabu.

Meza nyingi zilikuwa na nyoka wa rangi za ajabu: weupe wenye macho mekundu, wa manjano, wengine kama wamemwagiwa rangi. Wafugaji wamechagua rangi hizo kizazi baada ya kizazi tangu miaka ya 1990, na baadhi yao huuzwa maelfu ya dola. Kuna aina moja ya rangi, yenye michirizi kama utando wa buibui, ambayo huzaliwa na ugonjwa: kichwa hutetemeka, wengine hushindwa kulenga chakula. Wanaendelea kuzalishwa kwa sababu wanapendeza. Kijana alimtazama mmoja akitetemeka katika sanduku lake, akaondoka kwenye meza ile.

Alichagua jike wa rangi ya kawaida, kahawia na nyeusi, rangi ambayo Mungu alimpa. Alikuwa na miezi sita, mzito kama embe. Bei: dola 60. Sanduku, taa ya joto, kidhibiti joto, vipimajoto viwili na maficho mawili vilimgharimu zaidi ya dola 300. Hilo ndilo linalowashangaza wanaoanza: nyoka ni rahisi, nyumba yake ni ghali.

Sababu ni kwamba nyoka hana joto lake mwenyewe. Upande mmoja wa sanduku unatakiwa kufika nyuzi 31 au 32, upande mwingine ubaki karibu na 26, ili mnyama achague. Upande wa baridi ukizidi, chakula hakisagiki tumboni. Hewa ikiwa kavu, ngozi haivuki vizuri. Na taa isiyo na kidhibiti humchoma nyoka bila yeye kukimbia. Kijana aliwasha sanduku wiki mbili likiwa tupu, akiandika nyuzi kila asubuhi, kabla ya kuleta mnyama.

Alimleta Jumamosi, katika mfuko wa kitambaa ndani ya koti. Hakumwambia mtu. Siri ilidumu siku tatu.

Dadake mdogo ndiye aliyeona. Alisukuma mlango akitafuta chaja ya simu, akapiga kelele ambayo hata wapangaji wa juu waliisikia. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi.

— Papa, ni nini hiyo?

— Mama, ni chatu. Mtoto. Hana sumu.

— Nimekuuliza ni nini hiyo ndani ya nyumba yangu.

Hakuna aliyekula usiku ule. Mama alimkumbusha jina la mjomba mara moja tu, kisha akanyamaza, na ukimya huo, anasema kijana, ulikuwa mzito kuliko matusi. Kesho yake mama alitoa masharti. Nyoka asitoke chumbani. Mlango ufungwe kwa ufunguo. Mtoto wa dada, mwenye miaka miwili, asikaribie kamwe. Katika hilo la mwisho mama alikuwa sawa na waganga bila kujua: wanyama watambaao hubeba bakteria ya salmonela hata wakiwa wazima, na mamlaka za afya za Marekani zinashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa.

Kisha habari ikafika kanisani.

Mwezi huohuo kijana alikuwa amenunua gari, Toyota ya zamani, kwa akiba ya miaka mitatu. Gari na nyoka kwa mwezi mmoja! Kwa Mkongomani yeyote hesabu ni nyepesi. Toka Lubumbashi hadi Bukavu, kila mtu amesikia habari ya tajiri aliyefungia nyoka katika chumba cha nyuma, nyoka anayetapika pesa usiku na kudai mtu wa familia kama malipo. Wamama wa kikundi cha maombi walianza kumuuliza mama kama watu wote nyumbani wana afya njema. Mmoja aliacha kumsalimu dadake kwa mkono.

Chanzo cha imani hiyo ni kirefu, lakini sehemu moja yake inaweza kumshangaza msomaji. Wakaaji wa Katanga waliokua miaka ya 1970 wanakumbuka picha za mamba muntu zilizochorwa na wachoraji wa mitaani na kutundikwa sebuleni: mwanamke mweupe wa nywele ndefu, nusu samaki, na nyoka mwilini mwake. Afrika ya magharibi humuita Mami Wata. Wanahistoria wa sanaa wamefuatilia sura ya mwanamke huyo na nyoka wake hadi kwenye bango lililochapwa mjini Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880. Lilikuwa tangazo la maonyesho ya burudani, na aliyechorwa alikuwa mwanamke wa kazi ya kucheza na nyoka mbele ya watazamaji. Mabaharia na wafanyabiashara walilileta bango Afrika, pwani ikalitafsiri kwa imani zake za maji na utajiri, na sura ikasafiri hadi kwetu. Yaani mwanzo wa picha ile ni mtu na nyoka wake wa kufuga.

Kijana alijaribu kueleza hayo kwa mchungaji. Mchungaji, ambaye ni mtu wa Fizi na mwenye akili, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: nyoka anakula nini? Panya waliogandishwa, alijibiwa. Wananunuliwa wapi? Dukani, dola tatu mmoja. Mchungaji akacheka, akasema basi nyoka huyu hatoi pesa, anazikula. Maneno hayo yalizunguka kanisani haraka kuliko uvumi wa kwanza.

Lakini nyoka hakuwa anakula.

Chatu wa kifalme anajulikana kwa jambo hilo. Akibadilishwa makazi, akiona baridi, au bila sababu inayoonekana, anaweza kukataa chakula wiki nyingi, hata miezi. Wafugaji wa zamani hawashtuki. Anayefuga kwa mara ya kwanza hushtuka sana. Kijana aliyeyusha panya, akampasha kwa maji moto, akamtikisa mbele ya maficho kwa koleo ndefu. Nyoka alinusa kwa ulimi, akarudi ndani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Alimpima kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni aliyonunua ya kwake, maana ya mama asingeithubutu. Uzito ulishuka kidogo tu, lakini ulishuka. Alipunguza mwanga, akafunika pande tatu za kioo kwa karatasi, akaacha kumshika.

Katika wiki hizo ndipo mama alianza kusimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Aliuliza kutoka ukumbini, akiangalia upande mwingine: “Mgeni wako amekula?” Kijana hujibu hapana. Mama huguna na kwenda. Mtu wa Kivu anaweza kumchukia mgeni, lakini mgeni anayelala na njaa ndani ya nyumba yake humsumbua.

Nyoka alikula katika wiki ya saba, usiku, kijana akiwa amekwishakata tamaa na kumwacha panya juu ya kipande cha gome. Alisikia mshindo, akawasha simu kumulika. Alipotoka kumwambia mama ilikuwa saa tisa za usiku, na mama alikuwa macho.

Wakati wa joto mwaka huo alimwomba mama jambo moja: wasafiri pamoja hadi Slade, kijiji cha milimani, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka Louisville. Huko kuna Kentucky Reptile Zoo, bustani ya nyoka iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo kazi yake kubwa ni kukamua sumu na kuiuza kwa watafiti na watengenezaji wa dawa. Wageni huruhusiwa kutazama nyuma ya kioo. Mama alikubali kwa sababu dada na mtoto walikuwa wanaenda pia, na hakutaka kubaki peke yake na nyoka nyumbani.

Alisimama mbali, mkoba ameukumbatia. Nyuma ya kioo mfanyakazi alishika kichwa cha nyoka kwa vidole, akaweka meno yake juu ya chombo kilichofungwa kwa utando mwembamba. Meno yalipenya. Matone machache ya rangi ya manjano yakateremka. Kijana alimweleza mama kwa Kiswahili kinachofuata baadaye: sumu inakaushwa iwe unga, inadungwa kidogokidogo kwa farasi, damu ya farasi inajitengenezea kinga, na kinga hiyo ndiyo inayosafishwa na kutiwa katika chupa. Hakuna njia ya kawaida ya kupata dawa hiyo bila mtu fulani, mahali fulani, kuishi na nyoka na kuwashika.

Mama aliuliza kama chupa hizo zinafika Sange. Kijana alisema hajui kama zinafika sasa. Mama akauliza tena: “Na wakati ule?” Hakujibu, na mama hakungoja jibu. Walirudi Louisville bila kuzungumza sana, mtoto akilala katikati yao.

Msomaji wa Uvira, Bukavu au Goma anaweza kusikia hamu ya kufanya kama kijana huyu. Asifanye. Huku kwetu nyoka wa kufuga hauzwi, anakamatwa, na mkono wa mtu asiye mtaalamu hauwezi kutofautisha nyoka wa nyumba wa kahawia, anayekula panya na hana madhara, na nyoka mfukuaji mweusi ambaye meno yake huchoma hata ukimshika nyuma ya kichwa. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira nayo inaweka mipaka juu ya kukamata na kumiliki wanyama wa porini. Anayewapenda kweli ana njia nyingine: watafiti wa Lwiro wamewachunguza nyoka wa mashariki ya Congo kwa miaka mingi, na makala ya Chifundera Kusamba kuhusu nyoka wa Zaire na kuuma kwao ilitoka tangu mwaka 1990. Kazi ya kujua nani ni nani katika mabonde na milima yetu haijaisha, na inahitaji vijana waliohesabu mijusi ukutani.

Kijana wa Louisville mwenyewe anajua alichojifunga nacho. Chatu wa kifalme akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na wengine hupita hapo. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, jimbo jirani la Missouri, kulikuwa na jike aliyeletwa na mwenyewe mwaka 1961. Mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na miaka 62, alitaga mayai saba bila kukutana na dume kwa miaka mingi. Kwa hesabu hiyo nyoka huyu anaweza kumshuhudia kijana akioa, akistaafu. Msichana aliyekuwa akimchumbia alipoelezwa hivyo alisema atafikiri. Bado anafikiri.

Majira ya baridi yaliyofuata dhoruba ya barafu ilikata umeme mtaani usiku wa kazi. Kijana alikuwa bohari, simu ikiwa katika kabati la wafanyakazi. Wakati wa mapumziko alikuta miito minane ya mama. Alipopiga, moyo ukimdunda, mama hakusalimu.

— Papa, ile saa yake ya joto inaonyesha 23.

— Mama, umeiona wapi?

— Kutoka mlangoni. Nimemulika na simu. Sasa ni 22. Nifanye nini?

Alimwambia atafute blanketi, afunike sanduku, basi. Mama alisema blanketi zote mtoto amefunikwa nazo. Simu ikakatika.

Alipofika nyumbani asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Sanduku lilikuwa limefunikwa kwa vitenge viwili vya mama, vile vya Jumapili, vimekunjwa mara nne na kubanwa pembeni kwa vitabu. Ili kuvifikisha pale ilibidi mtu aingie hatua tano ndani ya chumba. Mama, alipoulizwa, alisema dada ndiye aliyeingia. Dada anasema alikuwa amelala.